Picha ya Viza ya Nakiete

Mtu akiketi mbele ya kitambaa cheupe, mimi kwanza namtazama masikio. Macho yanadanganya, na mdomo ndiyo usiseme, lakini sijaona bado mtu anayejua kudanganya kwa masikio. Nimefanya kazi ya picha hapa Same miaka thelathini na kitu. Sasa magoti yamekataa kile kigoda cha nyuma ya kamera, na studio nimewaachia ninyi wanafunzi wangu wawili, Rehema na Anjela. Mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu picha za pasipoti na za viza, kwa sababu mnasema masharti ni mengi na watu wanarudishwa. Nitaandika. Ila nitaandika na habari ya Nakiete, mwanamke wa Vudee aliyetaka picha ya kwendea India akampe mdogo wake figo. Bila habari hiyo mtayajua masharti yote na bado mtaharibu, kama nilivyoharibu mimi.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Hamisi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wa umri wangu wanamkumbuka kwa kanzu yake yenye madoa ya dawa ya kusafishia filamu kwenye mikono, maana hakukubali kuvaa aproni hata siku moja. Siku yangu ya kwanza nilifika saa moja asubuhi nimevaa gauni la kanisani, nikidhani nitapewa kamera. Akanipa ndoo.

“Kafue kitambaa,” akasema.

Nikamwambia mbona kinaonekana cheupe. Akakitoa nje, akakitandaza juani, akanionyesha vumbi la Same lilivyokaa kwenye nyuzi.

“Wewe unakiona cheupe kwa sababu umekizoea. Kamera haijakizoea.”

Nilikifua kitambaa kile miezi mitatu kabla sijaruhusiwa kubonyeza chochote. Upepo wa hapa mnaujua: asubuhi kitambaa ni cheupe, saa saba kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Hadi nastaafu nilikuwa nakifua kila Jumamosi. Nikisikia mtu anasema kompyuta itakifanya cheupe, najua huyo hajawahi kufua.

Mzee Hamisi alikuwa mtu wa shaka. Alishuku betri, alishuku jua la saa nne, alishuku mteja anayeingia akicheka. Mtu akileta bahasha aliisoma kwanza nje, kisha ndani, kisha akamsoma na mwenyewe aliyeileta. Alikuwa akisema fundi picha ni shahidi. Ukigonga muhuri wa studio nyuma ya picha, umeapa kwamba uso huu ni wa mtu huyu. Nilimwamini, na shaka yake nikairithi yote, pamoja na kigoda.

Lakini mzee huyohuyo alikuwa na penseli. Siku zile za filamu aliichonga kwa wembe mpaka ncha yake ikawa sindano. Alishika negativu kwenye mwanga wa dirisha, akagusa hapa na pale, na picha ikitoka chunusi hakuna, mfuko wa chini ya jicho hakuna, jino lililokuwa jeusi limekuwa jeupe. Tuliita kusawazisha. Siku moja nikamuuliza kama huo si uongo, na yeye ni shahidi. Akashangaa kweli.

“Uso wake anao nyumbani,” akasema. “Hapa amekuja kununua picha.”

Na watu walipenda. Huko milimani picha haipigwi ovyo. Inapigwa siku ya kipaimara, siku ya harusi, na mara nyingi ileile ndiyo itakayotangulia mbele ya jeneza. Nani anataka kutangulizwa na chunusi? Nikajifunza penseli. Kompyuta ilipokuja penseli ikawa kipanya, na kazi ikawa rahisi kiasi kwamba nilisawazisha bila kufikiri, kama mtu anavyopuliza chai kabla ya kunywa. Nilikuwa nashuku kila mtu anayeingia mlangoni, lakini mkono wangu mwenyewe sikuwahi kuushuku.

Sasa masharti. Kila nchi ina yake na yanabadilika, kwa hiyo msiamini karatasi iliyobandikwa ukutani hata kama niliibandika mimi. Fungueni tovuti yao siku hiyohiyo msome. Mengi yanafanana, hata hivyo. Kitambaa kiwe cheupe, pasiwe na kivuli. Mkalishe mteja hatua mbili mbele ya kitambaa. Ukimwegemeza, kivuli cha kichwa chake kitakaa nyuma kama mtu wa pili. Sisi ni weusi na kitambaa ni cheupe, na kamera ikiachiwa iamue yenyewe itatugeuza sote makaa. Ongeza mwanga mbele, kisha mpe mteja karatasi kubwa nyeupe aishike mapajani, imrudishie mwanga chini ya kidevu. Haitaonekana kwenye picha, na itawaokoa zaidi ya taa ya bei kubwa. Miwani ivuliwe, hata kama anaapa bila miwani hajijui. Mdomo ufungwe. Hapo mtapata kazi na watu wa mlimani, ambao wakiona kamera wanatabasamu kwa adabu. Mwambie afikirie kesi ya shamba. Sisi Wapare kesi za mashamba tunazo za kutosha, uso utakaa sawa wenyewe. Mama wa Kiislamu abaki na mtandio wake, lakini uso uonekane kuanzia kidevu hadi kwenye paji, na mtandio usitie kivuli shavuni. Masikio yaonekane pale yanapotakiwa. Picha ya zamani wengi hawaitaki ikipita miezi sita, hata mteja akikuapia kwamba hajabadilika. India wanataka ya mraba, na faili lisiwe zito. Na sharti la mwisho, ambalo nililipita kila siku kwa macho bila kulisoma: picha isiguswe. Isirembwe, isiongezwe kitu, isifutwe kitu.

Kabla sijafika kwa Nakiete lazima niwaambie habari ya wasichana wanne, maana ndiyo iliyonipa kiburi.

Ilikuwa siku ya gulio. Mwanaume mmoja alishuka kwenye basi lililotoka Hedaru akiwa na wasichana wanne wa milimani, hakuna aliyezidi miaka ishirini. Alitaka picha za viza, nne nne kila mmoja, na alitaka zitoke kabla ya basi la mchana. Pasipoti zote alizishika yeye, amezifunga kwa mpira. Nikimuuliza msichana jina, anajibu mwanaume. Nikamuuliza aliye mdogo kuliko wote, kwa Chasu, lugha yetu Wapare, wanakwenda wapi. Akanijibu kwa Chasu, polepole, kwamba wataambiwa wakifika Dar. Yule mwanaume hakuelewa hata neno moja, akawa anatutazama midomo.

Nikawapiga picha vizuri tu. Kisha nikasema printa imekwama, warudi Alhamisi. Alifoka, mimi nikafungua printa na kuifunga, nikaitikisa, nikamwonyesha kidole chenye wino. Walipoondoka nikapiga simu kwa mwinjilisti wa huko mlimani, naye akawapata mama zao. Jumatano mama wanne waliteremka kwa gari moja na wakaondoka na mabinti zao, na ile pasipoti ya mmoja ilibidi inyang'anywe kwa kelele pale stendi. Yule mwanaume hakuja kuchukua picha. Jumapili iliyofuata nilitajwa kanisani. Sifa ni kitu kibaya kumpa mtu mwenye shaka, kwa sababu kuanzia siku ile sikushuku tena; nilijua.

Mwaka uliofuata niliitwa Vudee, kuwapiga picha wanachama wa kikundi cha wakulima kwa ajili ya vitambulisho vyao. Tulifunga kitambaa kwenye ukuta wa kanisa. Watu zaidi ya sitini walipita siku moja, wengine wametoka shambani na udongo miguuni, na kila mmoja alikaa dakika moja au pungufu. Nikarudi Same na zile nyuso kwenye kadi ya kamera. Nikazisawazisha zote, moja baada ya nyingine, nikazichapa, nikazituma mlimani kwenye bahasha na salamu zangu. Nilisikia zilipendwa sana.

Nakiete alikuja miaka miwili baadaye, Jumatatu asubuhi, na hakuja peke yake. Mbele yake alitangulia mwanaume wa miaka arobaini hivi, miwani ya jua juu ya kichwa, mkoba mweusi kwapani. Yeye alikuwa nyuma, mwanamke mrefu mwenye kitenge kilichofunika kichwa na shavu la kushoto.

“Shikamoo mama,” akasema mwanaume.

“Marahaba. Nani anapigwa?”

“Huyu hapa, shemeji yangu. Anaitwa Nakiete, mimi ni Yohana, mdogo wa mume wake. Tunaomba picha ya viza ya India, halafu utuskanie makaratasi na kutujazia fomu mtandaoni. Tunaomba haraka kidogo, mama. Kuna mgonjwa anamsubiri.”

Neno haraka liliniwasha palepale. Nikamtazama mkoba. Pasipoti ya mwanamke ilikuwa mle ndani, na yeye Yohana ndiye aliyeitoa.

Akanieleza. Mdogo wake Nakiete, mwalimu, jina lake Elisante, alikuwa amelazwa India, figo zote mbili zimekufa. Alikwenda na mjomba wao ambaye ndiye angetoa figo, lakini kule madaktari wakamkuta mjomba ana presha, wakamkataa. Nakiete alipimwa huku nchini na akaonekana anafaa. Elisante alikuwa anasafishwa damu kwa mashine kila baada ya siku moja, na kila wiki anazidi kuisha.

“Wamesema siku huyu akifika, kesho yake wanaanza maandalizi,” Yohana akasema. “Wanamsubiri yeye tu.”

Nikamwambia mwanamke akae, aondoe kitenge. Alisita, kisha akakitoa kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetoa plasta. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umeungua kutoka kwenye paji hadi kwenye taya. Ngozi ilikuwa imevutana na kung'aa, na sikio la upande ule lilikuwa limejikunja likabaki kipande kidogo.

“Niliungua utotoni, mama,” akasema. “Uji.”

Hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyosema asubuhi ile. Nikampiga picha. Alikaa vizuri, mdomo umefungwa bila kuambiwa, macho yananitazama moja kwa moja. Ilikuwa picha nzuri ya viza.

Kisha Yohana akanipa makaratasi ya kuskani, na katikati yake palikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji cha Vudee, inayosema kwamba Nakiete na Elisante ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Hospitali za kule haziruhusu mtu atoe figo bila ushahidi wa udugu. Kama ilivyo kawaida yetu, picha ya mhusika ilikuwa imebandikwa pembeni na kugongwa muhuri, nusu ya muhuri kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Nikaisogeza karibu na miwani. Mwanamke wa kwenye barua alikuwa na uso laini pande zote mbili. Alikuwa na masikio mawili, mazima.

Moyo wangu ulipiga kwa nguvu, na nasema kweli, haukupiga kwa huruma. Ulipiga kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi. Nikajiambia, haya, huyu si dada wa mtu. Hawa wamempata mwanamke maskini asiye na wa kumtetea, wamempa jina la dada, wanampeleka kumtoa figo. Dada mwenyewe ni huyu wa kwenye barua, mzuri, amekaa kwake anakula makande. Kila kitu kilikubaliana: mkoba, pasipoti mikononi mwa mwanaume, haraka, mwanamke asiyesema.

Nikamjaribu kwa Chasu. Akanijibu vizuri, lakini kwa lafudhi ya watu wa juu kabisa.

“Wewe ni wa Vudee?” nikamuuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Mbona unaongea kama watu wa Chome?”

“Ameolewa kwetu Chome, miaka mingi,” Yohana akadakia.

“Sikukuuliza wewe.”

Nikageukia kompyuta, nikabonyezabonyeza, nikawaambia mtandao hauko sawa, fomu haifunguki. Waniachie makaratasi, warudi Alhamisi.

“Alhamisi ni mbali, mama,” Nakiete akasema.

“Mtandao siuendeshi mimi.”

Mtandao ulikuwa mzima. Walipotoka tu nilianza kumpigia mtendaji wa Vudee, na simu yake haikupatikana. Jumanne haikupatikana. Jumatano nikaambiwa na mtu wa ofisi yake kwamba yuko kwenye ugomvi wa mipaka huko karibu na msitu, ambako simu haishiki. Mtaniuliza kwa nini sikuwauliza wenyewe kuhusu ile picha. Ningewauliza, wangejibu katika dakika moja. Lakini mtu anayejua hana haja ya kuuliza, na nilihofia kwamba nikiwashtua watahamia studio nyingine.

Alhamisi walirudi. Nikasema bado. Yohana alitoka nje kupiga simu, akawa anatembea huku na huku kwenye jua. Nakiete alikaa kwenye benchi la wateja tangu saa tatu hadi ninafunga. Hakula, hakulalamika. Wateja waliingia na kutoka, na kila mlango ulipofunguliwa alinyanyua macho kutazama kompyuta yangu. Mara moja simu ya Yohana ilipoita, Yohana alimletea Nakiete, na nikasikia sauti ya mwanaume mgonjwa ikiuliza kwa Chasu, “Dada, umepata?” Akamwambia bado, mtandao. Nilisikia, na niliona jinsi anavyoishika ile simu kwa mikono miwili. Hata hilo nililiwekea shaka. Nilijiambia wamefundishana.

Mtendaji alipatikana Ijumaa saa nne.

“Shikamoo Mama Picha,” akasema. “Nimeona umenipigia mara nyingi, ndiyo nimepanda kilimani nipate mtandao.”

Nikamweleza nilichokikamata. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Nakiete namjua tangu shule ya msingi,” akasema. “Ndiyo, ana kovu. Sikio la kushoto liliungua. Huyo ndiye yeye.”

“Basi kwenye barua yako umebandika mwanamke mwingine. Huyu wako ana masikio mawili.”

“Mama,” akasema, “ile si picha yako? Ni ile ya kikundi. Ulikuja kutupiga pale kanisani, yeye alikuwa bado mwanachama huku kwa sababu ya shamba la baba yao. Ulituletea bahasha nzima. Wote mle tulitoka wazuri mno, mpaka mke wangu akaniuliza huyu ni nani.”

“Na wewe ukagonga muhuri.”

“Niligonga kwa sababu mtu namjua. Sikutazama picha, nilimtazama yeye.”

Nikakata simu nikafungua kompyuta. Kama nilivyowafundisha, ninaweka mafaili mawili: picha kama ilivyotoka kwenye kamera, na picha kama ilivyotoka kwangu. Nikaipata Vudee. Nikampata Nakiete kwenye ukuta wa kanisa, na kovu lake, na sikio lake. Kisha nikafungua faili la pili. Mkono ulikumbuka kabla ya kichwa. Nilikuwa nimelichukua sikio lake la kulia, nikaligeuza, nikalipachika kushoto. Kazi safi, hata mshono hauonekani. Nilikaa mbele ya ile picha nikiona haya mpaka masikio yangu mwenyewe yakawaka moto.

Walipokuja niliwaambia yote. Sikuficha habari ya mtandao wala ya simu. Yohana alisimama akapiga meza kwa kiganja.

“Siku tano, mama!” akasema. “Siku tano unatuona wezi, na mwizi wa sura ni wewe!”

Nakiete alimshika shemeji yake mkono, akamkalisha. Kisha akanitazama, akaongea zaidi ya nilivyowahi kumsikia.

“Ile picha ilipokuja kwenye bahasha niliificha kabatini,” akasema. “Mume wangu aliiona akaniuliza kama mimi ndiye niliyeomba. Nikamwambia sikuomba. Mama Picha ameniona, akaniona haya, akanifanyia msaada. Mtendaji alipotaka picha siku ileile sikuwa na nyingine. Ningejua ingenirudi, ningeichoma.”

“Nilidhani utafurahi,” nikasema.

“Ungeniuliza.”

Barua ile haikufaa tena. Mtu wa viza akiona kwenye fomu mwanamke mwenye kovu na kwenye barua asiye na kovu, angeshuku kama nilivyoshuku, na yeye angekuwa na haki. Ilibidi iandikwe upya na picha ya kweli igongwe muhuri. Lakini ilikuwa Ijumaa mchana, mtendaji bado yuko msituni, na ofisi ingefunguliwa Jumatatu. Jumatatu nilipanda nao Vudee mimi mwenyewe, picha mpya nimezifunga kwenye kitambaa kifuani zisipate vumbi. Njia nzima hakuna aliyenisemesha. Mtendaji aligonga muhuri, safari hii akiwa ametazama. Tulirudi Same jioni, na Jumanne asubuhi fomu ilikwenda, na picha ya mraba, na barua, na kila kitu kikiwa sawa. Mimi nilikuwa nimewapotezea siku tisa.

Viza ilitoka Ijumaa. Niliichapa mimi. Lakini Elisante alikuwa amekwisha kufa Jumatano, alfajiri ya kule, na nyumbani walikuwa wameshaanza kuwasha moto wa matanga.

Watu wanasema nimestaafu kwa sababu ya magoti, na magoti kweli yanauma. Ninyi Rehema na Anjela, jueni hivi. Mteja akitaka umsawazishe kwa picha ya ukutani, mwulize anataka nini kiguswe, na akikujibu hakuna, mkono ukae juu ya meza. Picha ya pasipoti na ya viza msiiguse hata mkibembelezwa. Mkimshuku mtu, shukuni kwa mdomo, mbele yake, siku hiyohiyo. Na kila mkitaka kumshuku mtu, fungueni kwanza mafaili yenu.

Mwili ulichukua siku nyingi kufika. Siku ya maziko nilipanda mlima nikiwa na kitenge changu cheusi na maneno niliyoyapanga tangu Same. Nakiete alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama, kitenge kimeshuka mabegani, uso wazi. Nilipopiga magoti mbele yake, magoti haya, aliinama akanishika bega kabla sijafungua mdomo.

“Mama, usijisumbue,” akasema polepole, wengine wasisikie. “Daktari alimwambia mjomba kwamba vidudu viliingia kwenye damu ya Elisante tangu wiki iliyotangulia, kabla hatujaja kwako. Hata ningefika, wasingempasua.”

Nikamtazama. Alinitazama moja kwa moja, mdomo umefungwa, kama alivyokaa siku ya picha. Sikuona kitu usoni mwake. Huenda ni kweli. Huenda aliniona, akaniona haya, akanifanyia msaada.

Mjomba aliyekuwa India, aliyesimama kando ya kitanda na kuongea na daktari, alikuwa amekaa pale uani hatua kumi kutoka kwangu, sahani ya makande mapajani, peke yake. Maisha yangu yote sikuacha jambo bila kulichunguza, wala mtu bila kumtilia shaka. Nilipewa sahani yangu, nikapitia upande wa pili wa nyumba ili asinione.